Dawa za asili za kushusha lehemu: zipi zinafanya kazi, na nani anazikagua?





Swali linaloletwa sana siku hizi katika chumba cha matibabu hapa Ipole, na hata barazani baada ya swala ya Isha, ni hili: "Tabibu, nimepimwa nikaambiwa nina mafuta kwenye damu. Nimeletewa dawa ya asili. Niitumie?" Wengine hawaulizi. Wanakuja chupa ikiwa imeshaisha, wanataka tu kuthibitishiwa kwamba wamepona.

Chupa hizo na vidonge hivyo vinatoka pande zote. Kijiji chetu kipo njia panda, barabara moja inakwenda Mpanda na nyingine Rungwa, na kila gari linalopita lina abiria mwenye begi la "virutubisho". Kuna unga wa mlonge, mafuta ya habbat sauda, vidonge vya kitunguu saumu, mafuta ya samaki, juisi ya mshubiri, na makopo yenye maandishi ya Kichina ambayo hata muuzaji hawezi kuyasoma. Wapo wanaopiga vipaza sauti mnadani, na wapo jamaa zetu wenyewe waliojiunga na kampuni zinazouza kwa mtindo wa kuandikishana, ambao humuuzia kwanza shangazi, kisha mjomba, kisha imamu wa msikiti.

Kabla ya kuzungumzia dawa, tuielewe kwanza lehemu yenyewe, ambayo kitaalamu huitwa kolesteroli. Watu wengi wanadhani ni uchafu. Sivyo. Allah (SW) ameijaalia iwe mahitaji ya mwili. Ndiyo inayojenga kuta za seli, na kutokana nayo mwili hutengeneza homoni na nyongo. Sehemu kubwa ya lehemu hutengenezwa na ini letu wenyewe na kiasi kidogo tu hutoka kwenye chakula. Ndiyo maana utamkuta mtu mwembamba, hali nyama ila sikukuu, na bado lehemu yake iko juu kwa sababu ameirithi kwa wazazi.

Lehemu haiyeyuki kwenye damu, kwa hiyo inahitaji kubebwa. Sisi watu wa Tabora tunaelewa habari ya kubeba. Babu zetu walibeba mizigo katika njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Basi fikiria makundi mawili ya wapagazi. Kundi la kwanza, linaloitwa LDL, hutoa mzigo kwenye ini na kuupeleka mwilini. Wapagazi hawa wakizidi, mizigo huachwa njiani, nayo hurundikana kwenye kuta za mishipa ya damu. Kundi la pili, HDL, huokota mizigo iliyobaki na kuirudisha kwenye ini. Kwa hiyo mtu akikuambia "lehemu yangu iko juu", muulize ipi. Mrundikano ule hukua kwa miaka mingi, mshipa ukawa mwembamba, na siku moja mrundikano ukapasuka na damu ikaganda juu yake. Ikitokea kwenye moyo ni shambulio la moyo. Ikitokea kwenye ubongo ni kiharusi.

Zingatia jambo hili, kwani ndipo biashara nyingi za ulaghai zinapoanzia: lehemu nyingi haiumi. Haikupi ganzi, haikupi kizunguzungu, haikuchoshi. Anayekuambia kwamba miguu kuwaka moto ni dalili ya lehemu, na kwamba baada ya dozi yake miguu imepoa hivyo lehemu imeshuka, amekuuzia kitu ambacho hakijapimwa. Kipimo cha damu ndicho pekee kinachoweza kusema imeshuka au haijashuka.

Sasa tuje kwenye dawa zenyewe.

Nianze na kitunguu saumu, kwa kuwa kila nyumba inacho. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani walitoa matokeo ya jaribio la watu 192 wenye LDL iliyopanda kiasi. Kwa miezi 6 baadhi yao walikula kitunguu saumu kibichi, wengine vidonge vya aina mbili vya kitunguu hichohicho, na wengine dawa bandia isiyo na kitu. Lehemu haikushuka kwa kundi lolote. Mwaka 2022 madaktari wa Cleveland Clinic nao walitoa jaribio la watu 190 kwa siku 28. Walilinganisha kidonge cha hospitali cha rosuvastatini, miligramu 5 tu kwa siku, na vitu sita vinavyouzwa kama virutubisho: mafuta ya samaki, mdalasini, kitunguu saumu, manjano, stero za mimea, na mchele mwekundu uliochachushwa. Kidonge cha hospitali kilishusha LDL kwa karibu asilimia 38. Vile vitu sita vyote havikushinda dawa bandia, na waliotumia kitunguu saumu LDL yao ilipanda kidogo.

Msomaji makini atauliza: nani aliligharamia jaribio hilo? Ni swali zuri. Liligharamiwa na kampuni inayotengeneza rosuvastatini, na siku 28 ni chache. Hayo tuyaweke wazi. Lakini matokeo yake hayapingani na yale ya Stanford, na tofauti ya asilimia 38 na sifuri si ya kubishania. Kitunguu saumu endelea kukitia kwenye mchuzi. Kama chakula hakina ubaya. Isipokuwa kama unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, mfano wafarini, basi usile vidonge vyake bila kumwambia tabibu, kwani vinaweza kukuongezea hatari ya kutokwa damu.

Mafuta ya samaki yanashusha aina nyingine ya mafuta ya damu, yaitwayo trigliseridi, tena kwa dozi kubwa. LDL hayaishushi. Na hapa kuna suala la kwetu Waislamu ambalo wauzaji hawalitaji: ganda laini la kidonge hutengenezwa kwa jelatini, na jelatini nyingi duniani hutokana na nguruwe. Maulamaa wamejadili habari ya kitu kilichobadilika asili yake, na hukumu hiyo muulize sheikh wako. Mimi nakuambia tu usome kopo. Kama halisemi jelatini ni ya ng'ombe aliyechinjwa kisheria, ya samaki au ya mimea, na halina alama ya halali inayoaminika, muulize muuzaji, na akikosa jibu mrudishie.

Mlonge umesifiwa nchini kwetu tangu miaka ya 2000 kuwa unatibu magonjwa mamia. Majani yake ni mboga nzuri yenye lishe. Lakini majaribio ya kuaminika kwa binadamu kuhusu lehemu ni machache na madogo mno, huwezi kumwachisha mgonjwa dawa kwa ajili yake. Mshubiri wenyewe una kemikali za kuharisha, na mzee akiharisha wiki nzima hupoteza maji na madini, moyo ukaenda mbio bila mpangilio.

Habbat sauda inahitaji maneno zaidi, kwa sababu hapa mtu akisema neno anaweza kudhaniwa anaipinga Sunna. Hadithi yake ni sahihi, imepokewa na Bukhari na Muslim, nayo inaitaja kuwa ni ponyo la kila ugonjwa isipokuwa mauti. Tunaiamini. Lakini wanachuoni wetu waliisoma kwa elimu. Imamu al-Khattabi alieleza kwamba hilo ni tamko la jumla lililokusudiwa jambo mahsusi. Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 751 Hijria (1350), naye akaeleza kuwa inafaa kwa maradhi ya asili ya baridi, na akalinganisha na aya inayouelezea upepo wa kina Ad kwamba uliangamiza kila kitu, maana yake kila kilichoweza kuangamia kwa upepo. Wanachuoni hao walikuwa wanaziheshimu hadithi kuliko mwenye kipaza sauti mnadani. Kwa upande wa utafiti, majaribio madogo yameonyesha habbat sauda hushusha LDL kidogo. Hilo ni jambo la kutia moyo. Lakini dozi zilitofautiana, muda ulikuwa mfupi, na hakuna aliyeonyesha bado kwamba inazuia kiharusi. Mwenye kuitumia kwa nia ya kufuata Sunna, kiasi cha kijiko kidogo kwenye chakula, simkatazi. Anayeiacha dawa ya hospitali kwa ajili yake, huyo namwomba tukae chini tuzungumze.

Na asali? Sisi wa Ipole ni watu wa asali, msitu wetu wa miombo umejaa mizinga, na nikisema vibaya juu ya asali sitapewa tena zawadi ya kichupa cha nyuki wadogo. Asali ametuambia Allah (SW) katika Suratun-Nahl kuwa ndani yake mna ponyo kwa watu, na hospitali zimeithibitisha kwa vidonda na kikohozi. Hata hivyo takriban asilimia 80 ya asali ni sukari. Wagonjwa wengi wa lehemu wana kisukari pia. Mgonjwa wa namna hiyo akiambiwa anywe vikombe viwili vya asali kutwa kwa ajili ya "kusafisha mishipa", sukari yake itapanda, na kisukari ndicho kinachoharibu mishipa kwa kasi zaidi.

Nimeuacha kwa makusudi ule mchele mwekundu uliochachushwa, kwa kuwa una kisa cha pekee. Wachina waliutumia kwa karne nyingi. Mwaka 1979 mwanasayansi wa Japani, Akira Endo, alipata katika kuvu anayeuchachusha kemikali iitwayo monakolini K. Baadaye ikabainika kuwa ni kemikali ileile iliyopatikana katika kuvu mwingine, ambayo ikaidhinishwa Marekani mwaka 1987 kwa jina la lovastatini, kidonge cha kwanza cha hospitali cha aina ya statini. Kwa hiyo dawa zile tunazoziita "za kizungu" za kushusha lehemu zimeanzia kwenye kuvu! Hali kadhalika kwinini ilitoka kwenye gome la mti, na artemisinini ya dawa mseto ya malaria inatoka kwenye mmea wa artemisia, ambao unalimwa hata hapa Afrika Mashariki. Ugomvi wa asili na hospitali ni wa wauzaji. La maana ni kwamba kidonge cha hospitali kina kiasi kinachojulikana, na kopo la mchele mwekundu halina. Kopo moja linaweza kuwa na monakolini nyingi, jirani yake likawa halina kabisa. Mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwaonya wananchi wake juu ya makopo ya namna hiyo yaliyokutwa na lovastatini. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya ukaweka sharti kwamba dozi ya siku iwe chini ya miligramu 3 za monakolini. Na Machi 2024 kampuni ya Kobayashi ya Japani ililazimika kuondoa sokoni virutubisho vyake vya mchele mwekundu baada ya watumiaji kuugua figo. Mamia walilazwa na vifo vikachunguzwa. Ilikutwa humo asidi ya puberuliki, sumu ya kuvu wa aina nyingine aliyeingia kiwandani. Japani, ndugu msomaji, nchi yenye viwanda na wakaguzi. Basi fikiria chupa iliyojazwa uani kwa mtu.

Hapo ndipo linapokuja suala la nani anakagua.

Tanzania Bara tunayo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Namba 23 ya mwaka 2002. Sheria hiyo iliunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, ambalo kazi yake ni kusajili waganga, vituo vyao na dawa zao. Dawa kwa jumla zilikuwa chini ya TFDA, iliyoanza kazi mwaka 2003. Mwaka 2019 masuala ya chakula yakahamishiwa Shirika la Viwango, TBS, na TFDA ikawa TMDA, inayoshughulika na dawa na vifaa tiba. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali hupima sampuli. Vilevile pale Muhimbili ipo Taasisi ya Tiba Asili, ambayo mizizi yake ni kitengo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1974. Kwa hiyo si kweli kwamba serikali inazichukia dawa zetu.

Lakini kuna tundu ambalo wajanja hupitia. Kopo likiitwa "chakula lishe" au "kirutubisho", halitakiwi kuthibitisha kwamba linatibu, kwa sharti kwamba lisidai kutibu. Basi kopo linakaa kimya na mdomo wa muuzaji ndio unaodai. Huko Marekani sheria yao ya mwaka 1994 inaruhusu virutubisho kuuzwa bila kuidhinishwa kwanza na mamlaka ya dawa. Kwa hiyo ukiambiwa "hii imetoka Marekani, imepitishwa na FDA", ujue kirutubisho hakipitishwi hivyo, na mara nyingi kopo lenyewe limeandika kwa herufi ndogo kwamba madai yake hayajakaguliwa na mamlaka hiyo.

Aidha, kuna tofauti kubwa kati ya "haina sumu" na "inatibu". Tulijifunza hilo mwaka 2011, kikombe cha Loliondo kilipovuma. Maelfu walikwenda kijiji cha Samunge kwa Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kunywa kikombe cha shilingi 500. Wataalamu wa serikali walisema ile dawa ni salama kwa kunywa. Watu wakasikia "inaponya", na wapo walioacha dawa zao za kisukari na shinikizo la damu. Barua ya maabara anayokuonyesha muuzaji huenda ikawa ya kweli kabisa, na bado haisemi neno hata moja kuhusu lehemu yako.

Wengine husema ukaguzi huu ni mambo ya Wazungu. La hasha. Mtume (SAW) alitia mkono katika lundo la nafaka sokoni, akakuta chini ni mbichi, akamkemea mwenye nayo. Hadithi nyingine, iliyomo katika Sunan ya Abu Dawud, inamfanya mwenye kujitia utabibu bila kujulikana kwa utabibu kuwa mdhamini wa madhara anayosababisha. Miji ya Kiislamu ilikuwa na muhtasibu, mkaguzi wa soko, na katika karne ya 12 ash-Shayzari aliandika kitabu cha kumwongoza mkaguzi huyo, mkiwemo jinsi ya kuwabaini wauza dawa na wauza sharubati wanaochanganya bidhaa. Kwa mantiki hiyo, ukimwomba muuzaji cheti cha usajili unafanya jambo la kidini.

Nimemhudumia mzee wetu mmoja, mrina asali wa siku nyingi. Alishapata kiharusi kidogo, mkono ukalegea kwa saa chache ukarudi. Hospitali ya mkoa ilimpa statini na dawa ya shinikizo. Kijana mmoja akamletea chupa ya dawa ya miti isiyo na jina la mtengenezaji, akamwambia vidonge vinaharibu ini, aviache ili chupa "ifanye kazi vizuri". Chupa ilimgharimu ndoo nzima ya asali. Baada ya miezi mitatu kiharusi cha pili kikamkuta alfajiri akitawadha. Leo anaswali ameketi, na mizinga yake anarina mtu mwingine. Siwezi kudai kwamba angemeza vidonge asingepatwa, hayo yamo katika elimu ya Allah. Ninachojua ni hiki: uchambuzi wa mwaka 2010 uliokusanya majaribio 26 na watu wapatao 170,000 ulionyesha kwamba kila LDL inaposhushwa kwa statini kwa milimo 1 kwa lita, mashambulio ya moyo na viharusi hupungua kwa kiasi cha moja ya tano. Chupa ile haikuwahi kujaribiwa kwa mtu yeyote.

Statini nazo zina maudhi. Wapo wanaoumwa misuli, na kwa nadra ini huathirika. Mjamzito hapewi bila ushauri wa daktari. Simvastatini haipatani na juisi ya balungi. Ukipata maudhi rudi ubadilishiwe dozi au aina, usiache kimyakimya.

Je, hakuna cha asili kinachofanya kazi? Kipo, ila hakiuzwi kwenye chupa. Nyuzinyuzi zinazoyeyuka hunasa nyongo tumboni na kulilazimisha ini kutumia lehemu kutengeneza nyingine. Zimo kwenye maharage, kunde, choroko, shayiri na bamia. Maganda ya isabgol, yanayouzwa kwenye maduka ya dawa kwa ajili ya choo kigumu, yakinywewa gramu 5 hadi 10 kwa siku na maji mengi, hushusha LDL kwa asilimia 5 hadi 10. Mawese yanayotuteremkia kutoka Kigoma ni matamu, ila karibu nusu yake ni mafuta yanayoganda, na samli imezidi hapo. Kwa mapishi ya kila siku tumia alizeti, na mawese yabaki ya siku moja moja. Karanga zetu zinafaa, za kuchemsha au kukaanga bila mafuta. Na futari ya Ramadhani isiwe sambusa tu! Tumbaku nadhani msomaji wa Tabora anajua nitakalosema. Kuilima ni mjadala mwingine, kuivuta kunaziharibu kuta za mishipa na kuwapunguza wale wapagazi wa kurudisha mzigo.

Kipimo cha mafuta ya damu hakipatikani kwenye zahanati nyingi, utahitaji kwenda hospitali ya wilaya au Kitete. Ukiambiwa uende bila kula kwa saa 9 hadi 12, wenye kufunga Jumatatu na Alhamisi hilo halitawapa tabu, ila muulize sheikh wako kwanza kuhusu kutolewa damu ukiwa umefunga. Omba uandikiwe namba za LDL, HDL na trigliseridi, usikubali neno "iko juu" peke yake, kisha rudi upimwe tena baada ya wiki 6 hadi 12 za dawa. Na kila unachokunywa, cha duka, cha mganga au cha kuletewa na shemeji, kibebe uje nacho kwenye mfuko, pamoja na kopo au chupa yake. Hatutakugombeza. Tunataka tu kusoma kilichoandikwa, au kuona kama hakijaandikwa kitu.